Filta ya mbio kwa boti? Ngoja kwanza

Nianze na kukiri. Mwaka jana nilitoa video ya sekunde 40 nikiwa kwenye ngazi za Bandari ya Kale, nimeshika filta ya hewa nyekundu, ile ya umbo la pia, nikasema, "Wekeni hii kwa mashine ya boti muone inavyoruka." Sikuwa nimeijaribu. Rafiki yangu alikuwa nayo kwa pikipiki, sauti yake ilikuwa tamu, na mimi siku hiyo nilikuwa natafuta kitu cha kusema. Video ikatazamwa kuliko zote nilizowahi kutoa.

Wiki chache baadaye nahodha mmoja kijana, wa huku huku Mji wa Kale, akaniita. "Wewe si ndiye wa filta?" Nikatabasamu nikidhani anataka picha. Kumbe alikuwa ameifuata video neno kwa neno. Alinunua filta kwa pesa za siku nne za kazi. Akatoa lile boksi la plastiki ambalo mashine yake ya foti ilikuja nalo, akafunga filta kwenye mdomo wa kabureta. Mfuniko wa mashine haukufunga tena, akauacha nyumbani.

Siku ya kwanza maji yalikuwa yametulia, mashine ikanguruma kama simba. Siku ya pili kusi inavuma, ametoka na abiria sita, wamepita Fort Jesus kuelekea nje. Wimbi likapiga tezi, rasharasha ikaangukia filta. Mashine ikakohoa, ikazima. Akavuta kamba mpaka mkono ukafa ganzi. Mkondo unawasukuma upande wa mwamba, na ndani ya boti mna mtoto wa miaka minne. Waliookoa siku ile ni wavuvi waliokuwa wakirudi na mashua yao. Waliwafunga kamba, wakawavuta mpaka nyumbani.

Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ndugu yangu, wewe uliijaribu kwa boti gani?" Nikakosa jibu.

Ile video nimeiondoa. Lakini kuiondoa hakutoshi, kwa sababu filta zile bado zinauzwa na bado kuna vijana wanaodhani spidi ya boti inaanzia hapo. Basi huu ndio msimamo wangu baada ya kukaa na mafundi, kusoma vitabu vya mashine na kuuliza maswali ambayo ningeuliza mapema: boti nyingi za hapa kwetu hazihitaji filta ya mbio kabisa. Na kwa zile zinazohitaji filta, swali la kwanza ni kitu gani unataka kizuiwe kisiingie. Sauti baadaye.

Hebu fikiria gari. Gari linalotoka Mariakani kuja Changamwe linavuta vumbi njia nzima. Lita moja ya petroli huhitaji karibu lita 9,000 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa yote hiyo ikiingia na mchanga, silinda zinasagika kama zimepigwa msasa. Ndiyo maana gari bila filta ni kifo cha polepole.

Sasa toka na boti mpaka nje ya mwamba. Vumbi liko wapi? Halipo. Kilichopo ni maji, chumvi na joto. Waliotengeneza mashine za kufunga tezini walilijua hilo, ndiyo maana nyingi ya hizo hazina filta ya hewa hata kidogo. Fungua mfuniko uangalie. Utakuta boksi la plastiki linalopunguza kelele na kusaidia kutenga matone ya maji na hewa. Na mfuniko wenyewe si urembo: hewa hupitishwa juu kwa nyuma, ikazungushwa kidogo ili maji yadondoke kabla hayajafika kwa kabureta. Ukitoa vitu hivyo viwili uweke filta ya pikipiki, umetoa kinga ya maji ukaweka kinga ya vumbi mahali pasipo na vumbi.

Kuna kingine ambacho watu hawasemi. Mashine ya mipigo miwili hupata oili yake kutoka kwa petroli uliyoichanganya. Kabureta imepimwa ikiwa na lile boksi lake. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta, mchanganyiko unakuwa mwepesi, pistoni inapata joto zaidi na oili inapungua kwa kipimo hicho hicho. Inaweza kukimbia vizuri wiki mbili, kisha siku moja ikakwama ndani. Fundi atakwambia "pistoni imeshika", nawe utasema mashine ilikuwa mbovu.

Najua kuna atakayesema, "Lakini boti yetu mashine iko ndani." Sawa, tuzungumze hayo.

Ikiwa mashine ya ndani ni ya petroli, kama zile za boti ndogo za starehe, hapo mchezo ni hatari zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo unashuka na kukaa kwenye ngama, chini kabisa ambako humuoni. Mashine ikikohoa moto kupitia kabureta, unahitaji wavu wa chuma unaoupoza ule mwali usitoke nje. Hiyo ni kazi ya kifaa cha kuzuia moto, na kifaa hicho ndicho kinachokaa mahali ambapo gari huweka filta. Marekani imekilazimisha kwa mashine za petroli za ndani zilizofungwa tangu Aprili 1940. Kilichoidhinishwa huwa kimeandikwa alama kama SAE J-1928 au UL 1111. Hata K&N, kampuni iliyoanzia California 1969 na kuzipa umaarufu filta za pamba zinazopakwa oili, huuza kifaa tofauti kwa boti. Kama wao wenyewe wanatenganisha, mimi na wewe tunachanganya kwa elimu gani? Filta ya pamba ya gari kwenye mashine kama hiyo ni utambi unaosubiri kiberiti.

Ikiwa ni dizeli, hapo ndipo filta ina hoja. Wengi huku huchukua mashine ya gari na kuitia ndani ya chombo, na mara nyingi inaingia na filta yake ya karatasi. Karatasi ikilowa huvimba, hewa haipiti, moshi unakuwa mweusi. Hapo ndiyo, kubadilisha kuna maana. Tafuta filta iliyotengenezwa kwa matumizi ya baharini, inayooshwa, yenye kipenyo kile kile na uwezo wa kupitisha hewa ambayo kitabu cha mashine kimeagiza. Iweke mahali ambapo maji hayawezi kuruka. Kama ina turbo, usiiendeshe wazi hata dakika moja ya kujaribu. Turbo ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kipande cha uzi au nati kikiingia umemaliza hadithi. Na ukinunua filta ya kupaka oili, paka kidogo. Oili ikizidi hunyonywa ndani, na mashine za kisasa zenye sensa ya kupima hewa huchanganyikiwa.

Lakini hata hapo usidanganywe kuhusu nguvu. Dizeli hupata nguvu kutokana na mafuta inayopuliziwa. Kama hewa ilikuwa ikitosha, kuongeza hewa nyingine hakuongezi chochote ila kelele. Filta mpya hukurudishia nguvu uliyopoteza kwa filta chafu. Haikupi ambayo hukuwa nayo.

Unataka faida ya kweli kwa upande wa hewa? Tazama joto. Boksi la mashine lililofungwa pande zote hewa yake huchemka. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30. Yaani hata ununue filta ya bei gani, kama inanyonya hewa ya jiko, umepoteza. Bomba pana linaloleta hewa ya nje, mdomo wake ukiangalia chini ili maji yasiingie, laweza kukusaidia kuliko filta yoyote yenye rangi. Na halihitaji jina la kampuni.

Kisha kuna mambo ambayo hayapendezi kwa video. Chini ya boti kumeota majani na magamba? Wazee wetu walipaka majahazi deheni kabla mashine haijafika pwani hii, kwa sababu walijua chombo kichafu chini hakikimbii. Propela imepinda ncha? Petroli ina maji? Plagi zina umri gani? Kama mashine haifikii mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu ukiwa umefungua mafuta yote, anza na hayo. Na ukibadilisha chochote, pima kwa haki: watu wale wale, mafuta yale yale, GPS ya simu, kwenda na kurudi, ndipo ugawanye. Ukipima kwenda tu wakati maji yanakupwa na wewe unatoka nje, mkondo utakusukuma na filta itapewa sifa isiyo yake.

Nasikia pia hoja ya sauti, na sitajifanya mtu mzima ghafla. Sauti ni tamu. Sisi ni watoto wa Mombasa, tumekua na matatu zilizochorwa na muziki unaotikisa vioo, tunapenda kitu kijitangaze kabla hakijafika. Hakuna ubaya. Lakini pikipiki ikizima Tononoka unashuka, unaisukuma mpaka gereji, watu wanakucheka, mnaenda. Boti ikizima nje ya mwamba huna pa kushukia. Na mara nyingi si wewe peke yako uliyemo. Kuna mgeni aliyekulipa, kuna mama na mtoto wake, kuna baharia wako mwenye miaka 17 anayekuamini.

Ndiyo maana swali la yule nahodha limenikaa. Sisi tunaotengeneza video tuna haraka ya kusema "nunua hii" kwa sababu maneno hayo hayatugharimu kitu. Gharama inalipwa na mtu mwingine, Jumamosi, na abiria sita. Tangu siku ile nimejiwekea sharti: kitu cha baharini sikisifu mpaka nimekiona kikifanya kazi kwenye boti, wakati wa kusi, na mwenye boti amenieleza kwa nini anakitumia.

Basi kabla hujatoa pesa, fanya hivi. Nenda ukafungue mfuniko wa mashine yako. Angalia kama ina filta. Kama haina, si kwamba waliisahau. Kama inayo, muulize fundi inazuia nini: vumbi, maji au moto. Akikujibu "inaongeza sauti", mshukuru, rudi nyumbani na pesa zako.

Yule nahodha alirudisha boksi lake la plastiki na mfuniko. Kwa bahati nzuri alikuwa hajavitupa. Juzi nilipanda naye kuvuka kwenda upande wa Nyali na kurudi. Mashine ilinguruma kawaida tu, hakuna aliyegeuka kuitazama. Rasharasha ilitulowesha sote, mashine ikaendelea.