Kidole Gumba Hakina Hatia

Iko hukumu moja itolewayo katika kwaya zetu huku Muheza, nami naona imekaa siku nyingi mno bila ya kupingwa. Kijana hupewa gitaa, na kabla ya mwezi kwisha huamriwa kupiga kodi ya F (si kodi ya serikali, bali sauti kadha zipigwazo pamoja) kwa kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita. Nyuzi zisipolia, huambiwa, “Kidole gumba chako kimekaa vibaya, wala huna kipawa.” Kijana hurudisha gitaa, wala hatumwoni tena. Nasema hukumu hiyo ni dhuluma, na waitoao ni sisi walimu.

Wala sisemi kama mtu asiye na kosa. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti mwenye vidole vifupi, mwenye bidii kuliko wote. Nilimcheka mbele ya wenzake kwa sababu ya F hiyo. Baadaye nililishika gitaa lile mwenyewe, nikaona nyuzi zimeinuka mno pale kichwani pa shingo, hata mkono wangu ukaniuma. Kosa lilikuwa la gitaa, na kicheko kilikuwa changu. Nilimwendea kumwomba radhi. Alinipokea kwa adabu, lakini gitaa hakulishika tena.

Basi tuyapime maneno yenyewe. Walimu wengi husema kidole gumba lazima kikae nyuma ya shingo, wala kisionekane kamwe. Hawajui kwamba shauri hili liliwagawanya mabingwa tangu zamani. Ferdinando Carulli aliwafundisha watu kubana uzi mnene kwa kidole gumba kikipita juu ya shingo. Fernando Sor, katika kitabu chake kilichotoka Paris mwaka 1830, alitaka kidole hicho kikae nyuma. Hata baadaye Jimi Hendrix wa Marekani, aliyefariki mwaka 1970, alikipitisha juu, naye dunia nzima ilimsikiliza. Mikono yake ilikuwa mikubwa. Kwa hiyo kidole gumba hakina mahali pamoja pa haki. Mahali pake hutegemea kazi iliyopo na mkono uliopo.

Lakini kwa kodi ya kulaza kidole, nakubali kwamba nyuma ya shingo ndipo panapofaa. Sababu yake ni nyepesi. Kidole gumba kikipanda juu, kiganja huikumbatia shingo, na kidole cha shahada hakiwezi kunyoka. Kikishuka nyuma, kikielekeana na kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono hupata nafasi, na vidole huwa huru. Hapo ndipo wengi wakosapo mara ya pili: hukaza kidole gumba kama mtu akamuaye chungwa, mpaka mkono wafa ganzi. Nguvu haitoki huko. Uzito wa mkono wote, kiwiko kikiwa karibu na mbavu, ndio uvutao nyuzi nyuma. Mwanafunzi na ajaribu kuondoa kidole gumba kidogo huku kodi ikilia, akiweza, amefahamu.

Tena kidole cha shahada kilazwe kwa ubavu wake wenye mfupa, ule ulio upande wa kidole gumba, si kwa nyama laini ya chini. Nacho kikae karibu kabisa na chuma cha shingoni. Wala hakina haja ya kubana nyuzi zote sita kwa nguvu sawa. Katika F, uzi wa tatu, wa nne na wa tano hushikwa na vidole vingine. Kidole cha shahada kina deni la uzi wa kwanza, wa pili na wa sita tu. Ni wangapi kati yetu wamewaambia watoto neno hili?

Sasa naja kwenye kosa kubwa. F iko katika nafasi ya kwanza, karibu na kichwa, na hapo ndipo pagumu kuliko pote. Katika gitaa ambalo nyuzi zake zina urefu wa sentimeta 65, nafasi ya kwanza ina upana wa kadiri ya sentimeta 3.6, na ya tano kadiri ya 2.9. Umbo lile lile likipigwa katika nafasi ya tano hutoa kodi ya A, nalo ni jepesi zaidi. Kwa nini basi tuanzie mlimani? Mtoto na aanze kwa kulaza kidole juu ya nyuzi mbili, kisha tatu, kisha zote katika nafasi ya tano, ndipo ashuke polepole mpaka F. Kwa muda huo nyimbo zaweza kupigwa kwa F ndogo ya nyuzi nne, au kwa kufunga kapo shingoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Najua nitajibiwa, “Ukimpa njia rahisi, atakuwa mvivu.” Mwende Bosco. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimkuta Jadotville mwaka 1952 na kumtia katika sahani za santuri, alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, kidole gumba na cha shahada. Ni nani aliyemwita mvivu? Alikijua kwa ukamilifu kile alichokishika.

Basi, walimu wenzangu, kabla ya kumlaumu mtoto, likagueni gitaa. Baneni uzi katika nafasi ya tatu, mtazame juu ya chuma cha kwanza: pengo likizidi unene wa karatasi chache, mpelekeeni fundi. Ncha za vidole zikiuma, ni kawaida, zitakomaa. Kifundo cha mkono kikiuma, au shina la kidole gumba, mwacheni apumzike siku hiyo. Kisha mwambieni neno la kumtia moyo. Gitaa lililotundikwa ukutani halimwimbii mtu, na mtoto aliyeondoka kwa aibu ni vigumu kumrudisha.

Mimi, mwalimu mwenzenu, Muheza.