Kidonge cha Usiku Kilichofichwa Kabatini

Juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, mmoja wao alibaki nyuma akanionyesha vidonge alivyoandikiwa na daktari. "Sheikh, nimeambiwa kichwa changu ni cha mkazo. Jirani yangu asema hivi ni vya wenye maradhi ya akili. Nimeviweka kabatini wiki mbili, sijavigusa." Badala yake alikuwa akimeza parasetamoli asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu.

Dawa yenyewe ni amitriptilini. Jirani hakusema uongo: ilianza kwa kutibu huzuni iliyozidi. Lakini yamebainika zamani kuwa kiasi chake kidogo hupunguza makali ya maumivu katika mishipa ya fahamu, hata kwa asiye na huzuni yoyote. Mgonjwa wa huzuni aweza kufikia miligramu 150 kwa siku. Mwenye kichwa aghalabu huanzia 10 usiku, kisha daktari akapandisha pole pole.

Kichwa cha mkazo hubana pande zote mbili, mfano wa kilemba kilichokazwa. Kikimshika mtu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huwa kimekuwa sugu. Na hapa ndipo tunapojidhuru. Dawa za kutuliza maumivu, zikinywewa siku 15 au zaidi za kila mwezi, zenyewe huzaa maumivu ya kichwa; zilizotiwa kodeini, siku 10 zatosha. Mama yule alikuwa akiulisha ugonjwa wake kwa mkono wake.

Dawa ya kinga ni kinyume cha hizo. Hunywewa kila usiku, kichwa kiume kisiume, na nafuu yake huja baada ya wiki kadhaa. Mara nyingi maumivu hayaondoki kabisa, bali siku zake hupungua. Wengi huitupa mapema, kwa kuwa madhara hutangulia nafuu: kinywa kukauka, choo kigumu, usingizi mzito. Mwili nao waweza kunenepa. Usingizi ukikupitisha Sala ya Alfajiri, muulize daktari kama waweza kuinywa mapema, baada ya Magharibi.

Daktari aambiwe mapema kama una maradhi ya moyo, presha ya macho, mimba, au wanyonyesha, na dawa nyingine unazotumia. Isikatwe ghafla. Na iwekwe mbali kabisa na watoto, kwani vidonge vichache vyaweza kumuua mtoto. Ama kichwa kilichokuja kwa kishindo, au chenye homa na shingo kukakamaa, au mkono kulegea, hicho si cha kungojea kidonge. Ni cha kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Aliniuliza pia kama ni kilevi. Nikamjibu kuwa kusinzia si kulewa, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Ruqya aliyoiomba nilimsomea, wala sikuona inagongana na kidonge. La mwisho lilikuwa Ramadhani: dawa hii hunywewa mara moja tu, usiku, kwa hiyo saumu yake haiguswi. Alikwenda zake akisema atavitoa kabatini usiku ule ule.

Wallahu aalam.