Popo mdogo anayeweka akiba mwilini

Wiki hii tunawaeleza juu ya popo ambaye hapa kwetu, penye mvua nyingi, hatumuoni. Yeye ni wa nchi kavu: Sahara, Misri, Arabuni, jamii yake iko hata upande wa ziwa Turkana, kule Kenya. Ni mdogo sana, yai moja la kuku linamshinda uzito. Mkia wake ni mwembamba na mrefu, karibu sawa na mwili, unaning'inia nje kama wa panya. Ndiyo sababu anaitwa popo mkia-panya. (Watoto watacheka, waacheni wacheke.) Pua yake anaweza kuifunga ili vumbi lisiingie.

Chakula chake ni wadudu tu, na jangwani wadudu wana majira yao. Wakiwa wengi anakula sana, mafuta yanajikusanya chini ya ngozi, tumboni na karibu na mkia. Sisi wa likirimba tunamwelewa upesi, ila yeye hachangiwi na mwenzake; kila mmoja anabeba sanduku lake. Katika mapango yenye joto kaskazini mwa Israeli, watafiti walikuta popo hawa wamelala tangu Oktoba hadi Februari. Hawali, hawanywi, na kati ya pumzi moja na nyingine inaweza kupita robo saa.

Mama anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Panya akipoteza watoto, baada ya wiki chache atazaa wengine. Popo hapana, anangoja mwaka mwingine. Kwa hiyo mtu akiwasha moto pangoni wakati wa kunyonyesha, watoto wa mwaka mzima wanaweza kwisha siku moja.

Tuwafikirie na popo wetu wanaolala chini ya mabati. Tusiwachome, wala tusiwaite wachawi. Lakini watoto wasiwashike kwa mikono, hata yule aliyeanguka chini, kwa maana popo anaweza kuwa na ugonjwa. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, tuoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha tumpeleke kituo cha afya siku ileile, hata kama alama ni ndogo.