ELIMU YA CHAKULA ISIISHIE CHUONI



Jambo hili tumelinena sana barazani. Sasa yafaa litiwe katika karatasi. Muuguzi na tabibu hufundishwa habari za lishe chuoni, naye akishapata cheti huhesabiwa kuwa amekwisha kujua. Sivyo. Elimu ya chakula haisimami mahali pamoja, na mganga aachwaye nyuma huacha nyuma yake watoto wa watu.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mama mwenye virusi vya UKIMWI aweza kumnyonyesha mtoto wake, dawa zikiwalinda. Miongozo ya kabla yake ilimtaka aache kunyonyesha kila palipopatikana maziwa mengine yaliyo salama. Muuguzi aliyehitimu mwaka 2005, asiitwe tena darasani, atamshauri nini mama huyo?

Tena mtazameni mtoto mwenye utapiamlo mkali, miguu imemvimba. Mwenye huruma asiye na elimu atampa dawa ya kukojoza ili uvimbe ushuke, vidonge vya madini ya chuma ili damu iongezeke, na chakula tele siku ile ile ya kwanza. Yote matatu yaweza kumwua. Uvimbe ule hushuka kwa kulishwa vema. Vidonge vya chuma hungoja hata mtoto apate hamu ya kula na uzito uanze kupanda. Na chakula huanza kidogo kidogo, usiku na mchana. Huruma peke yake haitoshi.

Wala haba si haba tena: uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hapa Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Wako wasemao, "Hiyo ni kazi ya afisa lishe." Afisa huyo yuko wilayani, mama huonana kwanza na muuguzi wa zahanati. Wengine husema fedha hakuna. Sisi tupigao chapa orodha za semina twayaona majina: ni yale yale ya wakubwa wa mjini, wasiopima uzito wa mtoto hata mmoja, na posho zao hazikosekani. Mwenye mizani na utepe wa kupimia mkono, jina lake halimo. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, kila muuguzi na tabibu arudishwe katika masomo ya lishe kwa zamu, wa zahanati akitangulia. Pili, mwalimu aende zahanati, afundishe penye mtoto na chungu, si hotelini. Tatu, mwongozo mpya utokapo ufike kila zahanati kwa Kiswahili, wala usifungiwe kabatini.

Twawaomba wanachama wa kila tawi walijadili jambo hili, na makatibu wapeleke maazimio kwa wakubwa kwa maandishi. Neno la mdomo husahauliwa. Barua hudai jibu.