TAHARIRI: Unene wa Watoto Usingojwe Uote Mizizi

Mkoa wa Singida unasifika kwa alizeti, asali na kuku. Unafahamika pia kwa ukame, na kwa miaka mingi vita vya lishe mkoani humo vimekuwa vita dhidi ya njaa na udumavu. Atakayesimama leo mjini Singida na kudai kwamba watoto wanene nao wachunguzwe, huenda akachekwa. Sisi tunasema asichekwe, na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba jambo hili ni la Singida peke yake.

Hatusemi kwamba udumavu umekwisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, hali wenye uzito uliozidi ni 4 tu. Lakini mwezi Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa umri wa kwenda shule wenye kiribatumbo wamewapita kwa wingi wale wenye uzito pungufu, ingawa Afrika kusini mwa Sahara haijafikia hapo. Wala dalili haziko mbali: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwakuta wanafunzi wenye kiribatumbo katika manispaa ya Dodoma, jirani na Singida.

Nchi tajiri zimejaribu kulikabidhi tatizo hili kwa madaktari wa familia. Huko Melbourne, Australia, watoto 258 wa miaka 5 hadi 10 wenye uzito uliozidi waliingizwa katika utafiti kupitia vituo 45 vya madaktari hao. Baadhi ya familia ziliitwa kwa daktari mara nne katika wiki 12. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba walioitwa hawakupata nafuu ya maana kuliko wasioitwa. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa Marekani likapendekeza mtoto na familia yake wapewe ushauri kwa muda usiopungua saa 26.

Funzo liko wazi. Maneno machache ya mganga hayawezi kushindana na mazoea ya nyumbani ya kila siku.

Sisi hatuna daktari wa familia kwa kila kaya, lakini tunayo zahanati. Pengo letu ni kwamba mtoto hupimwa kliniki hadi miaka 5, kisha kadi hutiwa sandukuni, naye huingia shule bila mtu wa kumpima tena. Hata huko kliniki jicho limezoea kumtafuta aliyekonda. Aliyenenepa kupita kiasi, mama yake hupongezwa.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Singida waanzishe utafiti wao wenyewe katika zahanati chache za mjini na za vijijini. Wanafunzi wapimwe urefu na uzito kila mwaka. Anayeonekana kuzidi asidhihakiwe wala asinyimwe chakula, kwani bado anakua. Familia nzima ndiyo ishauriwe, na ifuatwe nyumbani. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Hao ndio wenye nafasi ya kutimiza saa ambazo mganga hanazo.

Afya si jambo la Muungano, lakini maradhi hayaulizi mipaka. Zanzibar inao wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba. Singida ina la kujifunza kwao. Nasi Visiwani, ambako soda na chipsi zimekwisha kuwa chakula cha watoto, tutafaidika na majibu ya Singida. Wizara zote mbili za afya hazina budi kupashana habari.

Kampeni za Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ziliwakusanya wananchi katika vikundi kando ya redio, wakajifunza na kutenda pamoja. Njia hiyo bado inafaa. Udongo uwahi ungali maji.