Moshi Wetu, Mapafu ya Jirani



Kila Dominika, Misa ya kwanza inapokwisha, magari huwashwa katika uwanja wa kanisa. Wenye magari hawaondoki mara moja; husalimiana, huulizana habari za wagonjwa na kupanga michango ya harusi. Mazungumzo hayo ni mema, wala hatuyapingi. Lakini wakati huo wote injini zanguruma bure, na moshi wake waelekea kivulini, walipo akina mama wauza vitumbua na watoto wanaongoja mafundisho. Nasi mapadre hatuna la kujitetea, kwa maana gari la parokia limekuwa miongoni mwa hayo.

Twalisema jambo hili katika kijarida cha Haki na Amani kwa sababu ni suala la haki. Mwenye gari hufunga vioo akaenda zake. Anayebaki akivuta moshi ni yule asiye na gari: mpita njia, mchuuzi wa kando ya barabara, mwanafunzi angojaye daladala. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu visababishavyo saratani kwa binadamu. Ni kweli kwamba, kufuatia Azimio la Dakar la mwaka 2001, petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwaka 2006. Risasi imeondoka, masizi yangalipo.

Tufanye hesabu. Injini kubwa ya dizeli inayonguruma pasipo kwenda hunywa takriban lita moja kwa saa. Nusu saa kila siku ni zaidi ya lita 180 kwa mwaka, na kila lita hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Mwaka 2022 bei ya petroli jijini Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Kwa bei kama hiyo, gari la parokia laweza kuteketeza zaidi ya shilingi 500,000 kwa mwaka bila kusogea hatua moja. Fedha hizo zatoka katika kapu la sadaka, na baadhi yake zilitolewa na wale wale wauza vitumbua.

Yatupasa basi kubadili mazoea. Tuzime injini tunaposimama kuzungumza. Tuondoke taratibu, tutazame mbele, wala tusikanyage mafuta kwa nguvu ili kufunga breki baada ya mita 50. Tupunguze mwendo katika njia kuu, kwa kuwa mwendo ukizidi maradufu, upinzani wa hewa huwa mara nne. Tupime upepo wa tairi, kwani tairi laini huongeza ulaji wa mafuta; tusafishe filta ya hewa; tushushe mizigo isiyo na kazi. Wapo pia madereva wanaoteremka mlima kama Kitonga wakiwa wameweka gia huru, wakidhani wanaokoa mafuta. La hasha! Katika magari mengi ya siku hizi, gari likiteremka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, injini hukata mafuta yenyewe; katika gia huru huendelea kuyanywa, na breki hupata moto na kushindwa. Hapo dereva hupoteza mafuta na kuhatarisha roho za watu.

Wengine watasema kwamba malori na mabasi mabovu huchafua zaidi, na kwamba Serikali ianze na hayo. Ni kweli, nasi hatutaacha kudai ukaguzi wa haki. Lakini ni nani atakayetusikiliza iwapo uwanja wetu wenyewe umejaa moshi?

Kwa hiyo twawaomba halmashauri ya walei na viongozi wa jumuiya ndogondogo waamue mambo matatu: injini zote zizimwe uwanjani, gari la parokia liwe na daftari la kilometa na lita, lisomwe mbele ya halmashauri kila mwezi, na safari za vigangoni zilizo njia moja ziunganishwe. Sisi mapadre tutakuwa wa kwanza kukaguliwa. Tukianza Dominika ijayo, akina mama pale kivulini watakuwa wa kwanza kuona tofauti.

Tumsifu Yesu Kristo.