Usimwulize "Umepata Ngapi?"

Ndugu msomaji, kama umepata kusimama nje ya chumba cha mtihani saa ambayo watoto wanatoka, basi unazijua kelele ninazotaka kuzizungumza leo. Kabla kalamu hazijarudi mfukoni, swali moja hurushwa huku na huku: "Umepata ngapi?" Anayesikia jibu linalofanana na lake hushangilia. Anayesikia jibu jingine huinamisha kichwa na kunyamaza.

Jumamosi moja nilikuwa Moshi mjini kumchukua mpwa wangu, msichana wa kidato cha pili, ambaye alikuwa amepelekwa na shule yake kushindana katika hisabati na wanafunzi wa shule nyingine. Nilimkuta chini ya mti pamoja na wenzake wapatao kumi na wawili, wakilinganisha majibu. Swali lililowagawa lilikuwa hili: Basi limepanda kutoka mjini hadi kijiji cha mlimani kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kisha likarudi mjini kwa njia ile ile kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Je, mwendo wake wa wastani kwa safari nzima ni kilomita ngapi kwa saa?

Kijana mmoja, ambaye niliambiwa baadaye kuwa ndiye anayeongoza darasani, alisema, "Arobaini na tano." Wenzake karibu wote wakaitikia, "Arobaini na tano!" Mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye amepata arobaini. Wakacheka. Mmoja akamwuliza kama hata kujumlisha na kugawa kwa mbili kumemshinda. Hakujibu neno. Tulipokuwa tukielekea kituo cha mabasi aliniambia, "Mjomba, zikifika siku za kuchagua masomo, mimi fizikia naiacha. Haya mambo ya hesabu hayakuumbwa kwa ajili yangu."

Sasa, ndugu msomaji, tulia kidogo ushike kalamu. Wewe umepata ngapi?

Kama umejumlisha 30 na 60 ukagawa kwa mbili, umepata 45, nawe umo katika kundi kubwa la wale walio chini ya mti. Lakini yeyote aliyewahi kupanda gari la kwenda Marangu au Kibosho anajua kwamba njia ni ile ile, ila saa za kupanda si sawa na saa za kushuka. Tuchukulie kwamba umbali ni kilomita 30. Kupanda kumechukua saa moja. Kushuka kumechukua nusu saa. Basi limekwenda kilomita 60 kwa muda wa saa moja na nusu. Gawanya, utapata 40. Jaribu umbali mwingine wowote uutakao, jibu halitabadilika. Basi limetumia muda mwingi zaidi likienda polepole, na ndiyo maana wastani umevutwa chini.

Mpwa wangu alikuwa amepata. Na zaidi ya kupata, aliweza kueleza. Nilipomwuliza, "Umepataje?" alinichorea yote hayo nyuma ya bahasha tulipokuwa tukisubiri gari lijae. Tatizo ni kwamba kule chini ya mti hakuna aliyemwuliza hivyo. Walihesabu vichwa, wakatoa hukumu.

Wahenga walisema, wengi wape. Hiyo ni hekima njema ya baraza na ya mkutano. Lakini hisabati haina kura. Watu kumi wakikosea kwa pamoja, kosa linabaki lile lile.

Huenda msomaji akadhani nakuza jambo dogo la watoto. La hasha. Nchi hii ina kisa chake cha kutukumbusha, nacho kinafika hadi katika miteremko ya mlima huu wa Kilimanjaro.

Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko Lushoto, aitwaye Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo yawekwe katika jokofu. Siku hiyo nafasi ndani ya jokofu ilikuwa inakwisha, akayaweka ya kwake yangali moto. Mwenzake aliweka yasiyochemshwa kabisa. Baada ya muda wa kama saa moja na nusu, yale ya moto yalikuwa yameganda, na yale ya baridi bado. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Hakuliacha swali lake. Alilichukua hadi Mkwawa, Iringa, na huko mwalimu akamjibu kwamba hiyo labda ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya walimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, hata kwa kusoma vibaya jedwali la logi, aliambiwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Na darasa zima likaudaka msemo huo, likawa linamcheka nao.

Ndipo akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba aliuliza tena mbele ya wenzake, nao wakaona haya kwa niaba yake. Osborne hakuamini, lakini hakucheka. Alimwuliza kijana kama kweli amejaribu, kisha akaagiza jaribio lifanywe chuoni. Fundi wa maabara alileta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, na akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Unaona, ndugu msomaji? Hata mtu mzima wa maabara alitaka jibu lake lifanane na la wengi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapo juu ya Moshi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kulieleza jambo hilo, yakapokewa majibu zaidi ya 22,000. Na hadi leo wataalamu hawajakubaliana. Wako waliorudia majaribio na kusema hawakuliona. Kwa hiyo mwalimu yule hakukosea kwa kutilia shaka. Alikosea kwa kutouliza, "Umeonaje? Tujaribu."

Nasi wazazi tufanye nini? Mtoto arudipo nyumbani na karatasi yake, tusikimbilie alama. Tumwombe atueleze njia aliyopita, hata kama sisi hatukusoma hadi hapo. Akieleza hadi mwisho, amelimiliki jibu lake. Akikwama katikati, amelipata kosa lake mwenyewe bila kuchekwa na mtu. Na tumwache aeleze kwa Kiswahili. Mitihani ya sekondari huandikwa kwa Kiingereza, lakini mpwa wangu aliponichorea basi lake alisema "kupanda" na "kushuka", na hapo ndipo nilipojua kwamba ameelewa.

Tusimsahau na yule kijana wa 45. Yeye naye alidhulumiwa. Wenzake walimwitikia kwa sababu ya sifa zake, akaenda nyumbani na kosa lake likiwa limevishwa taji. Kama mmoja tu angemwuliza amepataje, huenda angeliona mwenyewe.

Mpwa wangu bado hajaamua juu ya fizikia, nami sikumshurutisha. Lakini Jumatatu asubuhi aliiomba ile bahasha. Aliikunja vizuri, akaitia ndani ya daftari, akaenda nayo shuleni.